Mjomba Charlie na pete ya zumaridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Shadow of a Doubt (1943)

Kila nikimtajia mtu picha hii, maswali yanayorudi ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Sehemu ya kwanza inasomeka hata na asiyeiona picha. Kuanzia sehemu ya pili kila kitu kinasemwa waziwazi, mpaka nani anakufa na anakufaje. Ukitaka kubaki na uhondo wako, soma sehemu ya kwanza, nenda kaitazame, halafu urudi.

## Kwa asiyeiona bado

Ni picha ya nini hasa?

Ni sinema ya Marekani ya dakika 108, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock kwa kampuni ya Universal na kutoka Januari 1943. Familia ya Newton inaishi Santa Rosa, mji mdogo wa California. Baba anafanya kazi benki, mama anahangaika na nyumba, watoto ni watatu. Binti mkubwa, Charlie, amechoshwa na maisha yasiyo na jipya. Anaona dawa ni moja: mjomba wake aje. Anakwenda kumpelekea telegramu, na akifika ofisini anakabidhiwa telegramu ya mjomba huyohuyo akisema yuko njiani.

Mjomba anafika kweli, suti imemkaa, mkono haujakunjwa. Kila mtu anapata zawadi. Ila nyuma yake wamefika pia wanaume wawili wanaomfuatilia, kwa sababu kuna mtu anayenyonga wajane matajiri mashariki ya nchi, na polisi wamebaki na washukiwa wawili tu.

Jina lake tulisemeje kwa Kiswahili?

Neno kwa neno ni "kivuli cha shaka", lakini msemo wenyewe umetoka kwenye lugha ya mahakama. Anayefuatilia kesi zetu ameshausikia ndugu yake: upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha "pasipo kuacha shaka yoyote". Picha nzima inatembea ndani ya hicho kishaka kidogo kinachobaki. Binti anajua, ila anachokijua hakitoshi kumfunga mtu.

Nani kaigiza nani?

Joseph Cotten ndiye Mjomba Charlie, yaani Charles Oakley. Watu walikuwa wamezoea kumwona kama mtu mwema, na hapo ndipo Hitchcock alipowapatia. Teresa Wright ni Charlie binti. Mwaka huohuo wa 1943, mwezi Machi, alipokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa picha nyingine, Mrs. Miniver. Patricia Collinge ni mama, Emma. Henry Travers ni baba, Joe. Macdonald Carey na Wallace Ford ni askari kanzu, Graham na Saunders. Jirani mwembamba anayeingia bila hodi wakati wa chakula, Herbie, ni Hume Cronyn, na hii ndiyo picha yake ya kwanza ya sinema.

Yule mtoto wa kike mwenye miwani, Ann, asiyebanduka kwenye vitabu, ni Edna May Wonacott, mtoto wa mwenye duka hapohapo Santa Rosa. Hakuwa mwigizaji. Kwangu mimi anawafunika wakubwa wengi.

Ni nyeusi na nyeupe, tena ya zamani. Itanichosha?

Nusu saa ya kwanza inachelewa kuchanganya, sifichi. Watu wanakula, wanataniana, wanapokea simu. Aliyezoea picha inayofungua na mtu anakimbizwa juu ya paa ataangalia saa. Vumilia, maana kila kinachosemwa pale mezani kinarudi baadaye kikiwa na sura nyingine. Na rangi hutaikumbuka. Vivuli vya ngazi ya ile nyumba visingekuwa vile kwenye picha ya rangi.

Ina damu? Naweza kuitazama na watoto?

Hakuna tone la damu, wala mauaji hata moja ya wale wajane hayaonyeshwi. Kanuni za udhibiti za Hollywood za wakati ule zilibana mambo hayo, lakini hata zisingebana, sidhani kama angeyaonyesha. Hofu yote imo kwenye mikono ya Cotten. Mtazame akishika leso ya karatasi. Mtoto wa miaka 12 ataimaliza bila kuota ndoto mbaya, ingawa anaweza kumtazama mjomba wake kwa jicho jingine wiki nzima.

## Hadithi, hatua kwa hatua

Kwa nini muuaji hafichwi? Nilimjua dakika ya tano.

Ulitakiwa umjue. Picha inafungua akiwa amejilaza kitandani kwenye chumba cha kupanga, noti zimetapakaa mezani na nyingine zimeanguka chini, na hajali kuziokota. Mama mwenye nyumba anapanda kumwambia kuna wanaume wawili walimuulizia. Hatuambiwi kosa lake, ila mtu asiye na kosa hapokei habari hiyo vile.

Hitchcock alikuwa akieleza tofauti ya kushtuka na kungoja kwa wasiwasi: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji anashtuka sekunde chache, akijua limo, na waliokaa mezani hawajui, anahangaika robo saa nzima. Hapa bomu limekaribishwa sebuleni, limewekewa kiti cha mbele na kupewa kipande kikubwa cha nyama. Swali la picha hii halikuwa "ni nani". Ni "binti atajua lini, na akishajua atafanya nini". Kikulacho ki nguoni mwako. Wenzetu wametumia dakika 108 kusema hilo.

Ni mjomba wa upande gani? Kiingereza hakisemi.

Kwa Kiingereza neno moja linabeba baba mdogo, baba mkubwa, mjomba na mume wa shangazi, kwa hiyo anayesoma maandishi ya chini peke yake anaweza kupotea. Charles ni kaka yake Emma, tena kitindamimba wa nyumba yao, aliyedekezwa. Ni mjomba hasa, na Charlie ni mpwa wake. Joe ni shemeji.

Jambo hili si dogo. Mama ndiye kiungo chote. Mjomba haendi kwa ndugu yeyote tu, anakwenda kujificha nyuma ya dada yake aliyemlea, ambaye hawezi kuamini neno baya juu yake. Mchawi mpe mtoto akulelee, wamesema wahenga. Hapa mtoto alijitafutia mchawi mwenyewe kwa telegramu. Umuhimu wake utauona kwenye swali la kwa nini hasemi.

Ile pete ina siri gani?

Mjomba anampa mpwa wake pete ya zumaridi jikoni. Binti anaigeuza kwenye mwanga, anakuta ndani pamechongwa herufi, TS kutoka kwa BM, na anadhani sonara alimuuzia mjomba pete iliyokwishavaliwa. Hajali, anaona inapendeza zaidi hivyo. Mjomba anasema atairudisha ikafutwe. Binti anakataa kuivua. Kwa utani ule mdogo wa jikoni muuaji amekwisha kuukabidhi ushahidi wake kwa mkono wake.

Baadaye herufi zile zinakutana na majina kwenye gazeti (tazama swali linalofuata). Mjomba anaichukua tena pale kwenye kilabu cha pombe cha Til Two, ambako binti hajawahi kukanyaga. Mhudumu ni Louise, aliyesoma naye, anayeonekana kama hajalala siku tatu. Louise anaiona pete mezani, na anasema angekubali kufa ili aipate pete kama ile. Anasema tu, kama watu wanavyosema.

Mara ya mwisho kuiona ni siku ya karamu ya kumpongeza mjomba. Wageni wamejaa sebuleni, glasi ziko mkononi, mjomba anajiandaa kutoa neno. Charlie, ambaye ameshaipata tena pete ile, anashuka ngazi taratibu, mkono umepita juu ya mbao ya pembeni, na kamera inamsogelea kutoka mbali mpaka tunaona kidole peke yake na zumaridi inayowaka. Hakuna anayeshtuka humo ndani isipokuwa mtu mmoja. Mjomba anabadilisha maneno hapohapo, anawatangazia wageni kwamba kesho anaondoka. Wawili wamepatana mbele ya umati mzima bila kufungua kinywa.

Kwenye gazeti kulikuwa na nini?

Jioni mjomba anakutana na habari asiyotaka isomwe. Anawachezea watoto, anakunja gazeti la baba yao kuwa nyumba ya karatasi, na katikati ya mchezo anaondoa ukurasa mmoja. Charlie anaukuta kwenye mfuko wa koti lake, anamtania, na mjomba anamdaka mkono kwa nguvu mpaka unauma. Ndiyo mara ya kwanza sura ya pili inachungulia.

Usiku anakimbilia maktaba, ambayo inafungwa saa 3. Mkutubi anamgombeza, anamfungulia dakika chache. Habari inahusu muuaji wa wajane, na jina la mmoja wa waliouawa na la marehemu mumewe yanaanza kwa herufi zilezile za kwenye pete. Kamera inapanda juu mpaka darini, binti anabaki mdogo kule chini, kivuli chake kirefu sakafuni. Mazungumzo hayapo. Kama una muda wa kutazama dakika tano tu za picha hii, tazama hizo.

Kwa nini Charlie haendi polisi mara moja?

Hili ndilo swali linaloongoza, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira. Mimi naona picha yote imejengwa juu ya jibu lake.

Kwanza, polisi wako nyumbani tayari. Graham na Saunders walijifanya watu wa utafiti wa kitaifa wa familia za kawaida ili waingie na kumpiga mjomba picha, maana hana hata moja ya utu uzima. Saunders alipodaiwa filamu alitoa mkanda usio wenyewe. Kwa hiyo si kwamba hawajui. Wanachokosa ni uthibitisho, na binti aliye nao anaogopa kuutoa.

Anaogopa kwa ajili ya mama. Mtazame Emma wakati kaka yake yupo: anaimba, anasimulia utoto wao, amekuwa msichana tena. Mjomba anaijua nguvu hiyo na anaitumia bila aibu. Anamweleza mpwa kwamba habari hii ikitoka itamuua mama yake. Graham naye anakubali hoja hiyo kwa njia yake, anaahidi kwamba mjomba akikamatwa atakamatwa nje ya mji, mama asione. Hapo utaona wote watatu, muuaji, askari na binti, wanalinda kitu kilekile kwa sababu tofauti.

Aliyelelewa katika nyumba ambayo kuna jambo la ndugu fulani "lisilosemwa mbele ya mama" hatauliza swali hili. Analijua jibu tangu utotoni.

Askari walimwachaje baada ya kumfikia karibu vile?

Walikuwa na washukiwa wawili. Yule wa pili alikimbizwa huko Maine, akakimbilia kwenye pangaboi la ndege na kufa. Kesi ikafungwa: aliyekimbia na kufa ndiye muuaji. Mjomba anapata habari hizo akiwa Santa Rosa, anapanda ngazi za nyumba mbiombio kwa furaha, kisha katikati anasimama na kugeuka. Mpwa wake amesimama mlangoni chini, anamtazama. Kuanzia hapo duniani kuna mtu mmoja tu anayejua.

Alijaribu kumuua mpwa wake mara ngapi?

Mara tatu. Ya kwanza ni ngazi ya nyuma ya nyumba: kidato kimekatwa, binti anaporomoka lakini anajishika. Ya pili ni banda la gari, ambamo injini imeachwa ikinguruma na mlango unakwama. Herbie anapita, anasikia kugonga, anakwenda kuita watu. Mjomba ndiye anayeonekana kuhangaika zaidi kumpepea. Ya tatu ni kwenye treni.

Mwisho unakwendaje?

Mjomba anaondoka kwa treni pamoja na mjane mmoja wa mjini, Bi Potter, aliyekwisha kuvutiwa naye. Wapwa wanapanda kumuaga ndani ya behewa. Wadogo wanashuka, Charlie anashikwa mkono mpaka treni inaanza kutembea. Mjomba anangoja mwendo uongezeke ili amsukume nje. Wanapambana mlangoni, na anayeanguka ni yeye, mbele ya treni nyingine inayokuja.

Halafu mji mzima unamzika kwa heshima, kanisani wanamsifu. Charlie amesimama nje na Graham, na ni hao wawili tu wanaojua wanamzika nani. Wale wanaosema steringi ameshinda wajiulize ameshinda nini.

## Sura mbili za mtu mmoja

Kwa nini wajane?

Anasema mwenyewe mezani, na ndiyo hotuba inayotajwa kila mahali picha hii inapozungumzwa. Anaanza kwa upole kuwasema wanawake wa mijini ambao waume zao walijiua kwa kazi, wakawaachia fedha, nao wanazila hotelini na kuzipoteza kwenye karata. Kamera inamsogelea akiwa upande. Sauti haipandi, ila maneno yanazidi kuwa ya mnyama na machinjio. Binti anamkatiza, anamkumbusha kwamba hao ni watu. Mjomba anageuza uso na kututazama sisi, ana kwa ana, na kuuliza kama kweli ni watu.

Emma anachosema baada ya hapo ni kwamba asizungumze hivyo kwenye hotuba atakayoitoa mbele ya klabu yake ya wanawake. Ndivyo nyumba nyingi zinavyomsikiliza mtu wa namna hii.

Chuki yake ina upande mwingine. Zawadi aliyomletea dada yake ni pamoja na picha za wazazi wao wa zamani, naye anasema dunia ya enzi zile ndiyo ilikuwa safi. Anaua kwa jina la dunia ambayo haijawahi kuwapo.

Je, ni mgonjwa wa akili?

Picha inakutupia kipande kimoja. Emma anasimulia kwamba Charles akiwa mtoto alipata ajali ya baiskeli, akavunjika fuvu, akalala muda mrefu, na alipopona hakuwa yule aliyekuwa. Picha yake pekee iliyopo ilipigwa siku ileile ya ajali. Unaweza kulichukua hilo kuwa jibu. Mimi naliona ni jibu la Emma: dada anahitaji baiskeli ya kuilaumu. Mtu anayeijua benki, anayejua kubembeleza mjane na kumtisha mtoto kwa maneno laini hajachanganyikiwa. Ni ndumilakuwili anayejua upande upi auonyeshe saa ngapi.

Kwa nini mjomba na mpwa wana jina moja?

Binti aliitwa kwa jina la mjomba wake, na anajivunia. Anamwambia wao si mjomba na mpwa tu, ni kama mapacha. Mara ya kwanza tunamwona mjomba amejilaza kitandani, mikono nyuma ya kichwa. Mara ya kwanza tunamwona binti amejilaza vilevile, upande wa pili wa nchi.

Ukishaliona hilo, picha nzima inaanza kuhesabika mbilimbili: askari wawili, washukiwa wawili, safari mbili za stesheni, chakula cha jioni mara mbili, kilabu chenye jina la saa 2 za usiku kwa hesabu za Wazungu, yaani saa 8 zetu, na hapo mezani mjomba anaagiza brandi maradufu. Sidai kila kimoja kina fumbo. Kinachotosha ni kwamba binti anapomchimba mjomba wake anakutana na ukali wake mwenyewe: anafika mahali anamwambia aondoke, la sivyo atamuua kwa mkono wake.

Baba na Herbie wanazungumza mauaji kila siku. Wanajua kitu?

Hawajui lolote, na utani ndipo ulipo. Joe na jirani yake wanapenda hadithi za wapelelezi na burudani yao ni kupanga nani angemuua mwenzake vipi bila kukamatwa: sumu, uyoga, rungu. Muuaji wa kweli amekaa kiti cha tatu kutoka kwao akipitishiwa mboga. Siku moja Charlie anashindwa, anawafokea. Wanabaki wanatazamana, hawajui wamekosea nini.

Ule wimbo unaomganda binti kichwani ni upi?

Ni walzi, muziki wa dansi, kutoka opereta (tamthilia ya kuimbwa) ya Franz Lehár, Die lustige Witwe, yaani "Mjane mchangamfu". Magazeti ya kwenye hadithi yamempa muuaji jina hilohilo. Charlie anauimba bila kujua umemwingiaje, na mezani wanaanza kukisia jina lake. Mjomba anautaja wimbo mwingine, na jina sahihi linapokaribia kutamkwa anamwaga glasi. Wale wacheza dansi wenye magauni mapana wanaoonekana mwanzoni chini ya majina ya waigizaji wanarudi mara kadhaa katikati ya hadithi bila maelezo. Muziki wa picha ni wa Dimitri Tiomkin.

## Ilivyotengenezwa

Ni kisa cha kweli?

Familia ya Newton ni ya kubuni. Anayetajwa kuwa chanzo cha muuaji ni Earle Nelson, aliyenyonga wanawake wengi Marekani na Kanada miaka ya 1926 na 1927, wengi wao wenye nyumba za kupangisha, na akanyongwa kwa hukumu ya mahakama huko Winnipeg Januari 1928. Tofauti ni kubwa. Nelson hakuwa mtu wa kusifiwa klabuni. Kilichochukuliwa ni wazo, na mwenye wazo ni Gordon McDonell, ambaye mkewe alikuwa mkuu wa idara ya hadithi ya mtayarishaji David O. Selznick na ndiye aliyemfikishia Hitchcock.

Nani aliandika muswada?

Thornton Wilder, mwandishi wa tamthilia ya Our Town, ndiye aliyeitiwa kazi hiyo kwa sababu aliujua mji mdogo wa Marekani kwa ndani. Alikuwa anangojewa na jeshi, vita imepamba moto, na walimalizia kazi wakiwa pamoja kwenye treni. Hitchcock alimshukuru kwenye majina ya mwanzo, jambo lisilo la kawaida. Sally Benson akaongeza maisha kwenye mazungumzo ya watoto, na Alma Reville, mke wa Hitchcock, ni jina la tatu.

Ilipigwa wapi? Nyumba ipo?

Sehemu kubwa ilipigwa Santa Rosa kwenyewe, kaskazini ya San Francisco, mwaka 1942. Wakati wa vita serikali ilikuwa imebana matumizi ya kujenga mandhari ya studio, kwa hiyo kwenda kwenye mji halisi kulikuwa na faida mbili. Nyumba ya akina Newton iko McDonald Avenue na jengo la mawe la stesheni bado limesimama. Hitchcock alisimulia kwamba mwenye nyumba, aliposikia nyumba yake itatokea kwenye sinema, aliipaka rangi mpya yote kwa furaha, ikabidi waichafue upya.

Kwenye stesheni hiyo treni inayomleta mjomba inaingia na moshi mweusi unaofunika jukwaa zima. Moshi ule uliagizwa.

Hitchcock mwenyewe anaonekana wapi?

Kwenye treni inayokwenda Santa Rosa, ametupa mgongo, anacheza karata. Anayecheza naye ni daktari, anayemwambia haonekani mzima. Kisha tunaonyeshwa karata zake: amebeba shupaza zote 13.

Ilipata tuzo? Ni kweli aliipenda kuliko nyingine zote?

Iliteuliwa Oscar moja, ya hadithi, kwa jina la McDonell, ikashindwa na The Human Comedy. Mwaka 1991 iliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani. Kuhusu kupendwa, binti yake Patricia alisema ndiyo iliyokuwa kipenzi cha baba yake. Hitchcock mwenyewe alipoulizwa na François Truffaut, mwongozaji wa filamu wa Kifaransa, alilikwepa neno hilo. Hollywood iliirudia mwaka 1958 kwa jina la Step Down to Terror, na ikarudiwa tena kwa televisheni mwaka 1991. Usihangaike nazo.

## Maswali ya pembeni

Kofia kitandani ina maana gani?

Mjomba anapoonyeshwa chumba, Joe anamwomba asiweke kofia juu ya kitanda, kwa kuwa kwa Wamarekani wengi ni mkosi. Joe anajitetea kwamba yeye haamini mambo hayo. Anapogeuka tu, mjomba anairusha kofia kitandani. Haimchukui hata sekunde mbili, na umeshamjua.

Zile dola 40,000 alizoweka benki, hakuna aliyeuliza zilikotoka?

Hakuna. Anaingia benki anapoajiriwa shemeji yake, anapiga kelele za utani juu ya wizi mpaka Joe anaona haya, kisha anatoa kitita na uso wa meneja unabadilika. Mwenye fedha haulizwi, hata 1942.

Je, mama alijua moyoni?

Wengine wanasoma hivyo, hasa kwa sababu kuna wakati Emma anatulia na kutaja ngazi, kisha banda la gari, kama mtu anayehesabu. Anaishia hapo. Mimi nadhani alifika mlangoni akarudi.

Ila swali zuri zaidi ni kwa nini analia vile kwenye karamu kaka yake anapotangaza kuondoka. Analia mbele ya wageni, anajaribu kueleza: walikuwa karibu sana utotoni, halafu mtu anakua, anaolewa, anakuwa mke wa fulani, na taratibu anasahau kwamba yeye ni yeye. Shangazi yangu alikaa kuitazama picha hii huku anachambua mchele, muuaji hakumshughulisha kabisa. Alipofika hapo aliacha ungo, akaniambia nirudishe nyuma. Tuliitazama sehemu hiyo mara tatu. Habari ya treni hakuniuliza mpaka leo.